Swichi ya PoE

Swichi ya PoE ni kifaa cha mtandao wa kompyuta kinachopeleka data na umeme kwa pamoja kupitia kebo moja ya shaba. Nyumbani hutumika hasa kuendesha vifaa vya kurushia Wi-Fi vinavyofungwa darini au ukutani, mahali pasipo na soketi.

Viwango

Taasisi ya IEEE imeweka viwango vitatu vikuu:

* 802.3af (mwaka 2003): hadi wati 15.4 kwa kila tundu la swichi.
* 802.3at (mwaka 2009): hadi wati 30.
* 802.3bt (mwaka 2018): hadi wati 60 au 90, kulingana na aina.

Sehemu ya umeme hupotea njiani kama joto. Kwa hiyo kifaa kilicho mwisho wa kebo huhakikishiwa wati 12.95 tu katika kiwango cha kwanza, na 25.5 katika cha pili. Kebo isizidi mita 100, nayo iwe ya shaba halisi. Ile ya alumini iliyopakwa shaba hupoteza umeme zaidi na kupata joto.

Swichi inayofuata viwango hivi hupima kwanza kama kifaa kinakubali umeme, ndipo huutuma. Zipo pia swichi zinazotuma umeme bila kupima, mara nyingi wa volti 24. Hizo zinaweza kuunguza kifaa kisicholingana nazo, hivyo kibandiko kisomwe kabla ya kuunganisha.

Kukadiria nguvu

Kosa la kawaida ni kuhesabu matundu na kusahau jumla ya wati. Swichi ya matundu 8 yenye uwezo wa wati 30 kila moja si lazima iweze kutoa wati 240 kwa wakati mmoja. Nyingi hutoa 60 hadi 120 tu. Mnunuzi ajumlishe mahitaji ya juu ya vifaa vyake, kisha aongeze robo. Kwa mfano, nyumba yenye vifaa 3 vya wati 12 inahitaji wati 36. Pamoja na akiba ni 45.

Umeme unapokatika

Katika miji kama Maswa, mkoani Simiyu, faida kubwa ya swichi hii huonekana umeme unapokatika. Badala ya kila kifaa kuwa na betri yake, betri moja huendesha swichi, ruta na vifaa vyote vya Wi-Fi. Betri ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ikitumika nusu tu ili idumu, na mtandao wote ukila wati 40, hutosha kwa saa 15 hivi. Muda huo hupungua kutokana na upotevu wa inveta.

Radi

Ukanda wa Ziwa Victoria hupata radi nyingi. Kebo ya shaba inayotoka nyumba kubwa kwenda jengo la uani inaweza kuingiza msukumo wa umeme na kuua swichi pamoja na vyote vilivyounganishwa nayo. Kinga ni kifaa cha kuzuia msukumo kilichounganishwa na waya wa ardhini. Iliyo bora zaidi ni kutumia kebo ya nyuzi za kioo kati ya majengo, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Kwa sababu hiyohiyo, kifaa cha upande wa pili kitahitaji umeme wake chenyewe.

Tazama pia

* Ruta
* Wi-Fi
* Intaneti