Aliyelala Nusukaputi Ataulizwaje?

Mtu wa Cheyo, hapa Tabora, akiambiwa kuwa ndugu yake atapasuliwa uti wa mgongo, huuliza kwanza: je, ataamka na miguu yake? Hilo si swali la woga. Ndani ya uti mna ugwe unaopitisha habari kati ya ubongo na miguu. Ukibanwa au ukikosa damu, mtu aweza kupooza, na aliyelala nusukaputi hawezi kulalamika.

Madaktari hujuaje basi? Mwaka 1973 madaktari wa Ufaransa, akiwamo Pierre Stagnara, walieleza njia nyepesi. Katikati ya upasuaji dawa ya usingizi hupunguzwa, mgonjwa huitwa kwa jina na kuambiwa achezeshe vidole vya miguu. Akivichezesha, hulazwa tena. Lakini jibu hilo ni la dakika ile tu.

Njia nyingine ni mashine. Umeme hafifu hupitishwa kwenye kifundo cha mguu, na nyaya zilizobandikwa kichwani hupokea ishara. Ni kama msafara wa zamani kwenda Bagamoyo: wa nyuma wakinyamaza, wa mbele wasimame. Ishara ikififia, mpasuaji husita, akatazama alichobana na presha ya damu. Ila dawa za usingizi nazo huweza kuififisha, hivyo daktari wa usingizi na mwenye mashine sharti wasemezane.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, mwulizeni daktari: "Mtajuaje kama miguu yake i salama?" Kuuliza si ujinga.