Pat Summitt: Kocha Aliyebeba Nyumba Nzima Mpaka Uwanjani

Hebu pata picha hii. Ni Septemba 1990. Mwanamke wa miaka 38, zimebaki kama wiki mbili tu ajifungue mtoto wake wa kwanza, anapanda ndege ndogo ya chuo pale Knoxville, jimbo la Tennessee, Marekani. Haendi hospitali, wala haendi kwao kupumzika. Anaenda Pennsylvania, nyumbani kwa binti mmoja wa sekondari anayeitwa Michelle Marciniak, kuwashawishi yeye na wazazi wake kwamba chuo cha kuchezea mpira wa kikapu ni Tennessee na si kwingine. Katika safari hiyohiyo chupa ikapasuka. Wakageuza haraka kurudi nyumbani, na uchungu nao haukusubiri. Huko angani likaja wazo la kutua Virginia, mama akajifungulie hospitali ya karibu. Akakataa katakata. Miezi sita tu nyuma, timu ya Chuo Kikuu cha Virginia ilikuwa imewatoa mashindanoni vijana wake, na hakuwa tayari mwanawe azaliwe kwenye ardhi hiyo!

Mtoto, Tyler, alizaliwa Knoxville tarehe 21 Septemba.

Kila ninapoisimulia stori hii kwa marafiki, wanaume hucheka na kusema huyo ndiye kocha. Wanawake huuliza swali lingine kabisa: mumewe alisemaje? Mimi nadhani maswali yote mawili ni mazuri, na maisha ya Pat Summitt yanayajibu vizuri kuliko semina nyingi za "kazi na familia" tunazolipishwa kwenye mahoteli ya mjini.

Kwa msiofuatilia mchezo huu, kikapu cha vyuo vya Marekani si bonanza la wanafunzi. Ni kazi kubwa yenye televisheni, viwanja vinavyojaa maelfu ya watu na mishahara minono. Ndiko alikopitia Hasheem Thabeet wetu, aliyekichezea Chuo Kikuu cha Connecticut kabla ya kuchaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009. Kocha mkuu wa chuo kama hicho hafundishi tu kurusha mpira. Anazunguka nchi nzima kutafuta vijana, anakaa sebuleni na wazazi wao, anahakikisha wanasoma, anazungumza na wafadhili, na akifungwa mechi tatu mfululizo mji mzima unamwangalia vibaya sokoni. Ni kazi inayokula mtu. Na Pat aliifanya miaka 38 mahali pamoja.

Binti wa shamba

Alizaliwa mwaka 1952, Patricia Head, katika familia ya wafugaji na wakulima wa Tennessee. Nyumbani walimwita Tricia. Walikuwa watoto watano: kaka zake watatu, yeye, kisha mdogo wake wa kike. Baba yake, Richard Head, hakuwa na kazi za wavulana na kazi za wasichana. Zote zilikuwa kazi. Binti alikamua ng'ombe, alivuna tumbaku, alibeba majani ya mifugo, na usiku walipanda juu ya ghala la majani ambako palikuwa na goli la kikapu, wakacheza yeye na kaka zake bila kuoneana huruma. Alipofika umri wa sekondari, shule ya eneo lao haikuwa na timu ya wasichana. Mzee akahamisha familia nzima, wakavuka mpaka wa wilaya, ili binti yake acheze. Ndugu msomaji, huyo ni mkulima wa miaka ya 1960!

Lakini mzee huyohuyo hakuwa mtu wa maneno matamu. Pat alikuwa mtu mzima, tena bingwa wa nchi mara kadhaa, kabla baba yake hajamkumbatia. Ukitaka kujua lile jicho lake maarufu, lile lililowafanya wachezaji warefu kama minazi kutetemeka, alilirithi wapi, jibu ndilo hilo.

Dola 250 kwa mwezi

Mwaka 1974, akiwa na miaka 22 na goti lililoumia vibaya msimu huohuo, alikwenda Chuo Kikuu cha Tennessee kusomea shahada ya pili na kusaidia timu ya wasichana. Kocha aliyekuwepo akachukua likizo. Ghafla binti wa shamba akawa kocha mkuu, huku baadhi ya wachezaji wake amewapita mwaka mmoja tu.

Mshahara: dola 250 kwa mwezi. Kwa fedha hizo alifundisha, aliendesha mwenyewe gari la kubebea timu, na alifua jezi. Jezi zenyewe zilinunuliwa kwa fedha za kuuza maandazi. Kuna safari walilala kwenye mikeka ya mazoezi ndani ya ukumbi wa wapinzani wao, kesho yake wakaamka na kucheza nao. Mechi yake ya kwanza alifungwa kwa pointi moja, 84 kwa 83, na Mercer. Huo ndio mwanzo wa kocha aliyekuja kushinda mechi 1,098.

Katikati ya hayo yote alikuwa bado mchezaji. Alilifanyia mazoezi lile goti mpaka likakubali, na mwaka 1976 akawa mmoja wa manahodha wa timu ya wanawake ya Marekani iliyopata fedha kwenye Olimpiki ya Montreal, mara ya kwanza kabisa kikapu cha wanawake kuchezwa Olimpiki. Miaka minane baadaye, Los Angeles, alirudi kama kocha na kuondoka na dhahabu.

Tusisahau lakini kwamba alikuta mlango umeshaanza kufunguka. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia kwenye shule na vyuo vinavyopata fedha za serikali kuu, na vyuo vikalazimika kuanza kuwapa wasichana michezo na ufadhili wa masomo. Juhudi ni kitu kizuri, jamani, ila bila sheria ile huenda tungekuwa tunamzungumzia mwalimu mmoja wa mazoezi ya viungo wa Tennessee ambaye hatumjui.

Ubingwa wa kwanza wa taifa ulichelewa. Alikuja kuupata mwaka 1987, msimu wake wa 13. Ukafuata wa 1989 na 1991, kisha mitatu mfululizo, 1996, 1997 na 1998, na huo wa mwisho bila kufungwa hata mechi moja kati ya 39. Nyota wa fainali zile za 1996 unamjua? Michelle Marciniak, binti wa ile safari ya ndege. Alikuwa ameanza chuo kingine, akahamia Tennessee baadaye.

Mama wa mabinti 161

Pat alikuwa mkali, na sitaki kupaka rangi. Miaka ya mwanzo, aliposikia wachezaji wamekesha kwenye starehe, aliweka mapipa ya taka kwenye kona nne za uwanja, akawakimbiza mpaka wakayahitaji. Darasani walikatazwa kukosa kipindi, na ilikuwa marufuku kukaa nyuma. Safu tatu za mbele ndizo zao. Matokeo yake, kila mchezaji aliyemaliza miaka yake ya kucheza chini yake alipata digrii. Kila mmoja! Kwa wale mnaosema michezo inaharibu masomo, kaeni na hiyo kidogo.

Ila ukali huo ulikuwa na nyumba nyuma yake. Aliwapikia kwake. Alijua nani kafiwa, nani kaachwa. Tamika Catchings, aliyekuja kuwa mmoja wa wachezaji wakubwa wa dunia, alizaliwa na tatizo la kusikia, na utotoni alivitupa vifaa vyake vya kumsaidia kusikia kwa sababu wenzake walimcheka. Ni Pat aliyemshawishi, akiwa chuoni, avivae tena bila aibu. Mimi hapo ndipo nilipompenda huyu mama, kuliko kwenye makombe yote.

Na Tyler? Alikulia humohumo. Kwenye ndege za timu, kwenye mabasi, pembeni ya uwanja, begani kwa mama wakati nyavu zinakatwa. Kwetu dada akipata cheo kikubwa swali la kwanza ni "mtoto unamwachia nani?" (Bosi wa kiume sijasikia akiulizwa.) Pat hakumwachia mtu, alimbeba. Kumpata kwenyewe hakukuwa rahisi. Kabla yake mimba ziliharibika zaidi ya mara moja, na kipindi hicho chote aliendelea kusimama uwanjani mbele ya watu wasiojua lolote.

Chuo mara mbili kiliangalia uwezekano wa kumpa timu ya wanaume. Watu walidhani ataruka kwa furaha. Yeye akauliza kwa nini hilo lionekane ni kupandishwa cheo. Akabaki na mabinti zake, na mwaka 2006 akawa kocha wa kwanza wa kikapu cha wanawake kulipwa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka. Kutoka dola 250 kwa mwezi, hesabu mwenyewe.

Kitu ambacho uwanja haukukibeba

Sasa turudi kwenye swali la wanawake. Mume alikuwepo. R.B. Summitt, mtu wa benki, walioana mwaka 1980. Alikubali kuwa mume wa mtu maarufu mjini, jambo ambalo wanaume wengi, wa huko na wa hapa kwetu, linawashinda ndani ya wiki moja. Walivumilia pamoja zile mimba zilizoharibika, wakamlea Tyler.

Aprili 2007 Pat alishinda ubingwa wa saba. Agosti mwaka huohuo akafungua kesi ya talaka, baada ya miaka 27. Aprili 2008 akashinda wa nane. Ukiziangalia tarehe hizo zilivyopangana unaelewa kitu ambacho mabosi wengi hawakisemi: kazi inaweza kuwa kwenye kilele chake wakati nyumba iko chini kabisa, na watu wakaendelea kukupigia makofi. Miaka hiyohiyo alikuwa amemzika baba yake, mwaka 2005, na mwaka uliofuata akaambiwa ana ugonjwa wa baridi yabisi.

Sitasema kazi ndiyo iliyovunja ndoa. Ya chumbani wanayajua wenyewe. Ninachoona ni kwamba mtoto unaweza kumpandisha basi la timu. Wachezaji unaweza kuwaleta jikoni kwako. Ndoa ni watu wawili wazima wanaohitaji saa ambazo hazina mtu wa tatu, na saa hizo katika kazi ile zilikuwa chache mno. Wewe na mwenzi wako mnaofanya kazi mpaka saa tatu usiku, mkirudi kila mtu na simu yake, mtanielewa.

Jina la mchezo likaanza kupotea

Kisha ikaja ile iliyowaliza watu. Alianza kusahau. Yule aliyekumbuka mbinu za mechi za miaka 20 nyuma akawa hana hakika ya mchezo gani auite dakika ya mwisho. Mwaka 2011 madaktari wa Mayo Clinic wakampa jibu: ugonjwa wa Alzheimer, aina inayoanza mapema. Alikuwa na miaka 58. Agosti mwaka huo, baada ya kutimiza 59, akautangaza mwenyewe hadharani, halafu akarudi kazini.

Fikiria ni bosi gani unayemjua angefanya hivyo. Wengi wetu tunaficha hata presha. Yeye aliwaambia wachezaji wake, akawaachia wasaidizi wake wafanye kazi kubwa zaidi, wakiongozwa na Holly Warlick, aliyewahi kuwa mchezaji wake, na msimu ukaisha kwa ushindi wa mechi 27. Geno Auriemma wa Connecticut, hasimu wake mkubwa, ambaye Pat alikuwa amesimamisha kucheza naye mwaka 2007 kwa sababu ya ugomvi wa kusajili wachezaji, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuchangia mfuko wake wa kupambana na ugonjwa huo. Alitoa dola 10,000.

Tyler hakukimbia. Alikuwa mwanafunzi hapohapo Tennessee, kijana wa miaka 20, na akawa bega la mama yake, hospitalini na mbele ya kamera. Tarehe 18 Aprili 2012 Pat aliachia rasmi ukocha mkuu, akamkabidhi Holly. Siku hiyohiyo chuo cha Marquette kikatangaza kumwajiri Tyler Summitt kuwa kocha msaidizi wa timu ya wanawake.

Pat alifariki Knoxville tarehe 28 Juni 2016, akiwa na miaka 64. Siku zake za mwisho wachezaji wake wa zamani, baadhi yao sasa mama wa watoto wakubwa, walifunga safari kutoka majimbo mbalimbali kwenda kumuaga. Wengine walikuwa hawajui kama atawatambua. Walikwenda hivyohivyo.