Skuli mbili za Waturuki katika kitongoji kimoja cha Melbourne

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu zetu wenye watoto ughaibuni, na hata walio hapa Unguja na Pemba, hutuuliza swali moja kwa sura mbalimbali: skuli ikiwa imeanzishwa na Waislamu, lakini haijiiti ya Kiislamu wala haijajengwa juu ya masomo ya dini, je, ni sawa kumpeleka mtoto? Mara nyingi wanazikusudia skuli za Waturuki. Tumeona bora, kabla ya kuingia katika hukmu, tueleze skuli hizi zimetokana na nini. Pahala pazuri pa kulitazama jambo hili ni Broadmeadows, kaskazini ya mji wa Melbourne, Australia.

Oktoba 1967 serikali za Australia na Uturuki zilitiliana saini mkataba wa uhamiaji, na mwaka uliofuata familia za mwanzo zilishuka kwa ndege Sydney. Wengi waliondoka kwao wakihesabu miaka michache tu: kufanya kazi, kuweka akiba, kurudi kujenga. Broadmeadows waliingia viwandani, kikiwemo kiwanda cha magari cha Ford, na mara nyingi mume na mke wote wawili walikuwa kazini. Miaka ikapita, watoto wakakua, na kurudi kukawa hakuna. Anayewajua Wahadhrami na Wangazija waliokuja visiwani kwa msimu mmoja wakazikwa hapa atalifahamu hili bila ya maelezo zaidi.

Watoto wao walisoma skuli za serikali, na mwisho wa wiki wakapelekwa msikitini kujifunza Qur'ani na lugha ya Kituruki. Mpango huu sisi tunaujua vizuri, kwani ndio wa skuli asubuhi na chuoni mchana. Lakini kwetu mtoto akitoka skuli hukuta mtaa mzima unaosikia adhana. Kule alitoka skuli akakuta nyumba yenye ufunguo chini ya zulia. Saa chache za Jumamosi hazikutosha kumpa dini, na skuli za mitaa ya viwanda hazikuwa zikimfikisha chuo kikuu kwa urahisi. Wazee walikuwa na hofu mbili kwa pamoja, na hizo ndizo zilizozaa skuli.

Msomaji atauliza, wafanyakazi wa viwandani walipata wapi fedha za kuendesha skuli? Hapa kuna kisa ambacho hakianzi kwa Waislamu kabisa. Mwaka 1962, katika mji wa Goulburn, wakaguzi waliitaka skuli moja ya Kikatoliki iongeze vyoo. Wakatoliki walikuwa wakiendesha skuli zao bila ya msaada wa serikali, na safari hii wakachoka. Mwezi wa Julai wakazifunga skuli zao zote za mji ule na kuwapeleka watoto kuandikishwa katika skuli za serikali, ambazo hazikuwa na nafasi ya kuwapokea wote. Mgomo ulidumu siku chache tu, lakini nchi nzima ikaona mzigo unaobebwa na skuli binafsi. Mwaka uliofuata Waziri Mkuu Menzies aliahidi fedha za maabara kwa skuli zote, za serikali na za binafsi, na kuanzia 1973, chini ya serikali ya Whitlam, ruzuku ikawa ya kudumu na ikapimwa kwa mahitaji ya skuli. Waliopinga walikwenda Mahakama Kuu ya nchi, wakashindwa mwaka 1981. Waislamu walipokuja kufungua skuli zao, kuanzia 1983 huko Melbourne na Sydney, mlango ulikuwa umeshafunguliwa na Wakatoliki. Mzazi hulipa ada na serikali hutia sehemu kubwa, kwa masharti kwamba mtaala wa nchi unafundishwa na hakuna anayechukua faida. Masharti hayo si ya mapambo. Mwaka 2016 skuli moja kubwa ya Kiislamu ya Sydney, si ya Waturuki, iliamuliwa kukatiwa ruzuku kwa sababu ya namna fedha zake zilivyotumika, na ikalazimika kubadilisha uongozi.

Sasa turudi Broadmeadows. Mwaka 1995 Waturuki wa mwelekeo wa Millî Görüş, harakati iliyotokana na Necmettin Erbakan, walianzisha Ilim College. Jina lenyewe halihitaji mfasiri kwa Mswahili. Hii ni skuli ya Kiislamu kwa maana iliyozoeleka: mtaala wa nchi pamoja na masomo ya dini, Qur'ani na swala ndani ya siku ya masomo.

Mwaka 1997, katika kitongoji hichohicho, Waturuki wengine walianzisha Isik College, maana yake nuru, ambayo baadaye ikaitwa Sirius College. Mwaka mmoja kabla, wenzao wa Sydney walikuwa wamefungua Sule College, ambayo leo inaitwa Amity College. Hawa waliathiriwa na mafundisho ya Fethullah Gülen, aliyewahimiza wafanyabiashara na walimu wajenge skuli kabla ya kujenga misikiti zaidi. Skuli za namna hii hazijiiti za Kiislamu. Darasani kuna hisabati, sayansi na lugha. Dini haifundishwi kwa ubao bali kwa mwenendo wa mwalimu, na nje ya masomo kuna vijana wakubwa, abi kwa wavulana na abla kwa wasichana, yaani kaka na dada, wanaomsaidia mtoto masomo na kumlea tabia.

Basi watu wa asili moja, waliofanya kazi viwanda vimoja, walijibu swali moja kwa njia mbili. Wa kwanza wakasema dini iingie darasani. Wa pili wakasema darasa limpe mtoto elimu ya dunia kwa ukamilifu, na dini ataipata kwa kuiona.

Kwa upande wa hukmu, sisi hatuoni kizuizi katika njia ya pili, maadamu mtoto anapata nafasi ya kuswali, chakula chake ni halali, na halazimishwi jambo la haramu. Linalotutia wasiwasi ni mzazi anayemuona mwalimu ana ndevu au mtandio, akaridhika kwamba malezi ya dini yameshalipiwa ndani ya ada. Skuli yenyewe haikuahidi hivyo. Elimu iliyo fardhi ayn, tahara, swala, funga na kujua halali na haramu, imebaki kwa baba na mama kwa mujibu wa hadithi ya mchunga ambayo kila nyumba yetu inaijua. Ikiwa skuli haifundishi, chuo kiwepo. Ikiwa chuo hakipo, baba akae na mwanawe baada ya Magharibi.

Kuna jambo jengine lisilosemwa sana. Baada ya jaribio la mapinduzi la Uturuki la tarehe 15 Julai 2016, serikali ya nchi ile ilimtuhumu Gülen, naye akakanusha mpaka kufa kwake Oktoba 2024. Skuli za wafuasi wake zikaingia katika ugomvi huo dunia nzima. Ubelgiji na Uholanzi wazazi wa Kituruki waliwaondoa watoto kwa wingi, baadhi kwa imani na baadhi kwa kuogopa macho ya msikitini. Watoto waliozaliwa Ulaya wakahamishwa skuli kwa ugomvi wa nchi wanayoijua kwa likizo. Kwetu Tanzania pia wimbi lilifika: tunazijua skuli za Feza, zilizoanza Dar es Salaam katika miaka ya 1990, na tunaijua Maarif, taasisi iliyoundwa na serikali ya Uturuki mwaka 2016. Sisi si mahakimu wa siasa za Ankara. Lakini mzazi ana haki ya kuuliza bodi ni ya nani, jengo ni la nani, na mwanawe atamalizia wapi masomo ikiwa wenyewe watagombana.

Na kwa jamaa zetu walioko huko, dogo la mwisho. Waturuki ni Mahanafi. Mtoto wako akirudi kutoka kwao anaswali Alfajiri bila ya kunuti, na mikono ameifunga chini ya kitovu, usimkemee wala usimwambie mwalimu wake amepotea. Mueleze kwamba huo ni mwenendo wa Imamu Abu Hanifa na kwamba sisi tunafuata wa Imamu Shafii, kisha umsomeshe kunuti mwenyewe.

Wallahu aalam.