Ukomo wa Hedhi Uwe Somo la Lazima kwa Daktari wa Familia

Mkazi wa Unionville, kitongoji cha mji wa Markham kaskazini mwa Toronto, ambaye umri wake ni miaka 49 na kila usiku anaamka ameloa jasho, kwa kawaida hamfikii bingwa wa magonjwa ya wanawake moja kwa moja. Katika jimbo la Ontario huanza kwa daktari wa familia, naye ndiye anayeandika rufaa. Akiambiwa "ni umri tu, vumilia", safari imekwisha. Kwa sababu hiyo naamini kwamba mafunzo endelevu kuhusu ukomo wa hedhi yanapaswa kuwa sharti kwa kila daktari wa familia. Yakiachwa kwa anayependa, atakayeyafuata ni yule ambaye tayari anajua.

Chanzo cha pengo hili la ujuzi kwa madaktari kinafahamika. Julai 2002, utafiti wa Marekani wa Women's Health Initiative ulisimamisha sehemu yake iliyochunguza tiba ya homoni yenye mchanganyiko wa estrojeni na projestini kwa wanawake 16,608. Magazeti yalipiga kelele za saratani ya matiti, na dawa ikatupwa. Hesabu yenyewe ilikuwa nyongeza ya wagonjwa 8 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka; si jambo la kupuuza, ila si balaa lililotangazwa. Zaidi ya hapo, wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, ilhali hedhi hukoma mara nyingi karibu na miaka 51. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kwa mwanamke mwenye dalili anayeanza tiba kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, na asiye na ugonjwa unaomkataza, faida kwa kawaida huzidi madhara. Sahihisho hilo halikusikika kama kelele za awali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwauliza madaktari 177 wa Marekani waliokuwa bado mafunzoni: ni asilimia 6.8 tu waliojiona wameandaliwa vya kutosha kuhudumia ukomo wa hedhi.

Wako wanaosema hili ni jambo la maumbile, na bibi zetu walipita bila vidonge. Kuzaa nako ni maumbile, lakini hatumwachi mzazi bila mkunga. Utafiti wa SWAN wa Marekani, katika matokeo ya mwaka 2015, ulikuta kwamba joto la ghafla na jasho la usiku hudumu kwa kadiri ya miaka 7.4, na kwa wanawake Weusi zaidi ya miaka 10. Matokeo ya Wamarekani Weusi hayawezi kubandikwa moja kwa moja kwa mama aliyetoka Mombasa au Bukavu, lakini yanatosha kumzuia daktari asikisie. Isitoshe, mifupa hudhoofika kwa kasi katika miaka hiyo, na mama anayelalamikia viungo, usingizi na moyo kwenda mbio anaweza kupewa dawa tatu kwa jambo ambalo chanzo chake ni kimoja.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha: mafunzo ya madaktari yamewahi kugeuzwa mlango wa soko. Ni kweli. Kampuni ya Wyeth, iliyouza dawa ya homoni ya Premarin, ililipa waandishi wa siri kuandaa makala za kitaalamu zilizosifu homoni. Dawa ya kosa hilo ni mafunzo yanayogharimiwa na vyuo na vyama vya kitaaluma, yenye kufundisha kwa uzito uleule nani asipewe homoni, kwa mfano aliyeugua saratani ya matiti, na tiba gani nyingine zipo. Daktari asiyefundishwa ndiye rahisi kushawishiwa na mchuuzi wa dawa.

Utaratibu wa kufanya hivyo upo. Madaktari wa familia Kanada hukusanya alama za mafunzo, na Kenya nayo hudai alama hizo kabla ya kuhuisha leseni ya daktari. Vyombo vinavyotoa alama vitenge sehemu ya lazima kwa afya ya mwanamke wa makamo. Nawe mama msomaji, usingoje: andika tarehe ya hedhi yako ya mwisho na dalili zako, umpe daktari, na umwombe aeleze kwa nini anakupa au anakunyima tiba.