Eti Mwenye Imani Halii?

Hapa Mwiki, na nasema Mwiki ya Ruiru, jirani na Githurai na Mwihoko, si ile ya Kasarani, hatukosi makanisa. Kuna la mawe, la mabati na la hema. Kwa kusikia mahubiri mengi, tumezoea misemo inayopita kama Maandiko. Mingine inaumiza watu.

"Mwenye imani halii matangani." Si kweli, na huu ndio unaoniudhi zaidi, kwa sababu huambiwa mjane aliyefiwa juzi, tena mbele za watu. Yesu alilia njiani kwenda penye kaburi la Lazaro, ilhali alijua atamfufua. Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Alitaka tu wasihuzunike kama watu wasio na tumaini. Tofauti hiyo utaiona jioni ya matanga kwenye ploti yoyote. Viti vya plastiki vimepangwa uani, chini ya kamba za nguo. Mama mmoja anamimina chai kutoka birika kubwa, mwingine amewachukua watoto wa marehemu wakalale kwake ili kesho wasikose shule. Mwekahazina wa jumuiya anaandika daftarini: mchango wa fulani, bili ya mochari, gari la kwenda nyumbani kuzika. Majirani wenyewe walikutana huku huku kwenye nyumba za kupanga, mmoja katoka Murang'a, mwingine Kisii. Mjane analia anavyotaka, na wenzake wanakesha naye.

"Mwenye upendo hahesabu." Ni kweli kuhusu makosa ya jirani. Kuhusu pesa, si kweli hata kidogo. Paulo alipopeleka mchango kwa maskini wa Yerusalemu, alisafiri na watu waliochaguliwa na makanisa, asije akalaumiwa na mtu. Kwa hiyo anayeomba kuliona daftari la mwekahazina asionekane mchochezi.

"Ukimpenda mtu, huwezi kumkatalia." Si kweli. Wazee wa Kiambu wanajua habari za watu wa Uamsho, harakati iliyotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ikaenea Afrika Mashariki. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi pia wakakataa bunduki za serikali ya kikoloni. Walisema hawawezi kumwaga damu ya ndugu, awe wa upande gani. Pande zote mbili ziliwashuku, na baadhi yao waliuawa. Waweza kubishana na siasa yao, lakini huwezi kusema hawakupenda.

"Tumaini ni la mbinguni, mwili si kitu." Nusu yake ni kweli: Mkristo anangoja ufufuo. Lakini ni mwili huo huo anaoamini utafufuliwa, sasa audharau kwa nini? Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, yalianza kufukuliwa makaburi ya waumini ambao, kwa maelezo ya upande wa mashtaka, waliambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Miili iliyopatikana ilizidi 400, mingi ikiwa ya watoto. Yesu aliwalisha wenye njaa na kuwaponya wagonjwa. Kama kuna jirani yako aliyeacha dawa za kisukari kwa kuambiwa ameshapona, usingoje Jumapili. Mbishie hodi leo, uombe naye, kisha mwende kliniki pamoja.