Mzazi Aliyepasuliwa Naye Ale

Mwanamke wa Lucky Summer anaporejea nyumbani kutoka hospitali ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, chakula chake pengine huamuliwa na namna alivyojifungua. Aliyezaa kwa njia ya kawaida hupikiwa njahi, supu na uji wa wimbi. Aliyepasuliwa naye huenda akazuiwa: maharagwe eti yatamvimbisha tumbo, mayai eti yataufanya mshono utunge usaha.

Hofu hiyo hutokana na mapenzi, lakini yaweza kudhuru. Kwa kawaida upasuaji humwaga damu nyingi zaidi, na kidonda hakiungi vyema bila protini. Mama huyo ndiye hasa anayehitaji omena, mayai, maharagwe, terere na managu. Mboga na maji ya kutosha pia humwepusha na choo kigumu. Pasipo matatizo, aweza kuanza kula saa chache tu baada ya upasuaji. Isitoshe, kila anyonyeshaye huhitaji chakula cha ziada, awe amezaa kwa njia yoyote.

Walimu na wanafunzi, sayansi mnayoisoma darasani na ifike jikoni. Mwulizeni muuguzi anachokikataza. Kilichosalia, mpikieni mzazi.