Miji ya Mara na njia zake (Sehemu ya Pili): Mitaa isiyotokea

Wiki iliyopita nilieleza jinsi barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari ilivyouvuta mji wa Tarime kuelekea mpakani. Leo naacha lami na kuingia nyuma yake, kwenye mitaa inayochipuka Tarime, Nyamongo na Mugumu. Huko hakuna sherehe za uzinduzi, lakini ndiko maisha ya watu ya miaka mingi ijayo yanakopangwa.

Sensa ya 2012 ilihesabu mkoani Mara watu wapatao milioni 1.74, ya 2022 ikakuta milioni 2.37. Watu zaidi ya laki sita wameongezeka katika miaka kumi, na kila familia inataka kiwanja. Swali ninalouliza ni moja: viwanja hivyo vinapokatwa, njia zake zinakutana na za jirani, au kila moja inafia kwenye ua wa mtu?

Mwaka 2020 watafiti wawili, Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, walitoa utafiti uliopima jambo hilo karibu dunia nzima. Walihesabu kila makutano yana njia ngapi. Yenye njia nne humpa mtu uchaguzi, yenye tatu humpunguzia, na barabara isiyotokea humrudisha alikotoka. Walipima pia mtu huzunguka kiasi gani kufika mahali anapopaona kwa macho, na ni barabara zipi ambazo zikikatika, walio mbele hawana pa kupitia. Kwa kulinganisha ramani huria ya OpenStreetMap na picha za setilaiti za miaka tofauti kuanzia 1975, waliweza kukadiria mtaa upi ulianza lini. Jibu lao linatia wasiwasi: tangu 1975 mitaa mipya duniani, kwa jumla, imezidi kutengana. Nchini Marekani, utafiti wao wa 2015 ulionyesha kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi katikati ya miaka ya 1990, kisha ikaanza kutengemaa.

Jambo hili ni zito kwa sababu mtaa huishi kuliko nyumba. Tazama Kariakoo, Dar es Salaam. Mchoro wake wa mitaa iliyonyooka na kukatana ulianza wakati wa Wajerumani. Nyumba za udongo zimeondoka, za matofali zimeondoka, sasa ni maghorofa; mitaa imebaki pale pale.

Turudi Mara. Zamani makazi ya Wakurya yalitawanyika, kila boma na zizi lake, na vijia vya ng'ombe vikielekea malishoni na mtoni. Operesheni Vijiji ya 1974 ikawakusanya watu, mara nyingi kwa kuwapanga kwenye mistari kando ya barabara. Kwa hiyo vijiji vingi vilianza na barabara moja yenye nyumba pande mbili, na mashamba nyuma. Watoto wakakua, baba akawagawia shamba, kisha warithi wakaanza kuuza vipande. Muuzaji huacha njia ya kutoka kiwanjani hadi barabara kubwa, basi. Jirani naye hufanya hivyo hivyo upande wake. Katikati unabaki mpaka wa katani au minyaa ambao hakuna aliyefikiria kuutoboa. Matokeo ni meno ya kitana: njia nyingi sambamba, zote zikitegemea mgongo mmoja.

Nyamongo ina kisa chake. Tangu mgodi wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, mashimo, uzio na vifusi vimemeza njia zilizounganisha vitongoji. Hapo hapo ikazuka tegesha: watu kujenga vyumba harakaharaka kwenye ardhi inayotarajiwa kuchukuliwa, wakingoja fidia. Kutoka angani mabati hayo yanaonekana kama mtaa unaokua. Ardhini hakuna barabara, kwa sababu aliyejenga hakukusudia kuishi pale. Anayesoma picha za setilaiti bila kulijua neno tegesha atapotoshwa.

Ramani huria nayo isomwe kwa uangalifu. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vijiji vya Tarime na Serengeti haikuwamo. Kuanzia 2015 wanaharakati wa Crowd2Map Tanzania, wakishirikiana na watu wa hapa, walichora nyumba na njia ili wanaowaokoa wasichana dhidi ya ukeketaji waweze kufika vijijini, hata usiku. Wilayani Serengeti, shirika la Hope for Girls and Women linaendesha nyumba salama, na njia iliyokosekana kwenye ramani iliweza kumgharimu msichana. Kazi hiyo naiheshimu sana. Lakini barabara iliyoonekana kwenye ramani mwaka 2018 huenda ilikuwapo tangu enzi za babu. Iliyozaliwa karibuni ni alama yake tu.

Tena kipimo cha watafiti hujali zaidi njia za magari. Mwenda kwa miguu na bodaboda hupenya vichochoroni, kwa hiyo mitaa yetu kwa mtembeaji imeungana kuliko takwimu zinavyosema. Gari la wagonjwa, la zimamoto au la kunyonya vyoo halipenyi.

Naamini nafasi ya kuunganisha mitaa bado ipo, lakini ni ya muda mfupi. Kazi ya Kupanga, Kupima na Kumilikisha ardhi mara nyingi hutoa hati kwa hali iliyokutwa. Bikoni zikishachimbiwa, kuunganisha mitaa miwili ni suala la fidia, na fidia ni fedha ambazo halmashauri hazina. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza 2017, hutunza barabara zilizopo. Hauwezi kuchonga njia katikati ya kiwanja cha mtu. Ni wenyeviti wa vitongoji na halmashauri za vijiji, wanaoshuhudia mauziano, wanaoweza kumwambia muuzaji aache mita chache hadi kwenye mpaka wa jirani, na jirani aambiwe vivyo hivyo, kabla fundi hajamwaga msingi.

Wiki ijayo: Mto Mara kati ya wilaya za Tarime na Serengeti, na hukumu ya Mahakama ya Afrika Mashariki ya Juni 2014 kuhusu barabara ya kukatiza Hifadhi ya Serengeti.